Mboga ya Uani Haina Nauli

Mazungumzo haya ya wiki yalisomwa redioni. Tunayachapa kama yalivyosomwa, kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.



Liko swali moja ambalo huulizwa kila siku katika kila nyumba hapa Isevya, kabla jua halijawa kali: leo tunapika mboga gani? Ni swali dogo kwa kulisikia, lakini ndani yake mna mshahara wa baba, biashara ya mama, afya ya mtoto na hata historia ya mji wetu wa Tabora. Najua yupo atakayesema, "Huyu naye leo kakosa la kusema. Maisha yamepanda, yeye anatuletea habari za mchicha!" Namwomba ndugu huyo avumilie kidogo. Mchicha una habari ndefu.

Nianze kwa kusema ninachokusudia, nisije nikakuzungusha bure. Mboga uliyoipanda mwenyewe uani, au uliyoinunua kwa jirani aliyeichuma alfajiri ya leo, ni mboga ya mtu anayejua raha. Wako wanaoiona kuwa ni mboga ya mtu aliyeshindwa maisha. Hao wamekosea, na tukiwafuata, tutapoteza kitu ambacho hata tukiwa na fedha hatutakipata tena.

Tabora ni mji wa safari. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, misafara kutoka Bagamoyo ilipanda bara kwa miguu, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, mahali ambapo wageni wa zamani walipaita Kaze. Kutoka hapa njia ziligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Nguo, shanga na waya wa shaba vilipanda bara. Pembe za ndovu vilishuka pwani, na pamoja nazo, kwa huzuni ya historia yetu, binadamu waliouzwa utumwani. Mizigo ya misafara hiyo ilibebwa zaidi na Wanyamwezi, watu wa hapa hapa, wapagazi waliofanya kazi kwa ujira.

Sasa hebu tujiulize. Watu mamia kwa mamia, kila mmoja na mzigo begani, walikula nini njiani? Mtu akibeba chakula chake cha miezi mitatu, mzigo wa tajiri ataubeba nani? Jibu ni kwamba hawakubeba. Walipewa posho. Kwa kawaida posho hiyo ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, na mara nyingi walipewa nguo au shanga za kubadilishana na chakula katika vijiji walivyovipita. Akina mama walikuja kambini na vikapu vya mtama, unga, viazi, karanga na kuku. Kwa hiyo ile biashara kubwa, ambayo vitabu huisimulia kwa habari za pembe na bunduki, ilitembea kwa miguu ya wapagazi na ikalishwa kwa mikono ya wanawake wa vijijini. Tunaposema haba na haba hujaza kibaba, tukumbuke kwamba kibaba hicho kiliwahi kuwa maisha ya mtu kwa siku nzima.

Jambo la pili la historia ni hili. Richard Burton na John Speke walifika Kaze mwezi Novemba mwaka 1857. Burton aliandika kwamba wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe waliishi kwa starehe katika matembe makubwa, na kwamba bustani zao zilikuwa pana na zilipandwa vizuri. Watu hao walikuwa na uwezo. Vitu vizuri vya pwani waliletewa. Juu ya hayo yote, walilima mchele na vitunguu hapa hapa, wakapanda na miti ya matunda. Ukienda leo kwenye tembe la Kwihara, alikokaa David Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi, utaona historia hiyo imehifadhiwa kama makumbusho. Mwenye kwenda, pamoja na kutazama milango na kuta, afikirie pia bustani. Tajiri wa msafara aliyeweza kuagiza karibu kila kitu hakuona aibu kula alichokipanda nyuma ya nyumba.

Na miembe je? Maembe ya Tabora yana sifa nchi nzima, na msimu wake ukifika, hata abiria wa treni hununua kupitia dirishani. Lakini mwembe asili yake ni Asia. Mahindi, muhogo, viazi vitamu na karanga asili yake ni Amerika. Wote hawa ni wageni waliofika kwa njia ya safari. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwembe ulipewa jembe, ukalima, na leo ni mwenyeji kuliko wengi wetu. Kwa hiyo ninaposema chakula chetu, siulizi babu yake mmea huo alitoka wapi. Nauliza umeota katika udongo gani, na nani aliuinamia.

Sasa turudi kwenye kikapu cha leo. Nenda soko kuu utazame. Utakuta nyanya zilizotoka Iringa, vitunguu vya Singida au vya Mang'ola kule Karatu, na viazi mviringo vya Njombe. Sina ugomvi na wakulima hao. Ni Watanzania wenzetu, na mji wa misafara haufai kuchukia bidhaa za safari. Lakini tujue tunachokilipia. Katika bei ya nyanya ile mna dizeli ya lori, posho ya dereva, ushuru wa njiani, ujira wa kuli, faida ya dalali, na bei ya zile nyanya zilizopondeka ndani ya tenga. Mkulima mwenyewe anabaki na sehemu tu. Sehemu kubwa ya hela yako umekula nauli.

Nauli hiyo hailipwi kwa fedha peke yake. Hulipwa pia kwa ladha. Nyanya ya safari huchumwa kabla haijaiva vizuri, ili ivumilie mabonde ya barabara. Mboga ya majani ndiyo haivumilii kabisa, kwani kila siku inayopita baada ya kuchumwa, vitamini zake hupungua. Mchicha wa juzi na mchicha wa leo asubuhi wana jina moja tu. Weka yote mawili katika vyungu viwili, upike kwa mafuta yale yale na kitunguu kile kile, kisha wape watoto waonje. Watoto hawajui kudanganya kwa sababu ya adabu.

Tunakumbuka mwaka 2022, vita vilipozuka baina ya Urusi na Ukraine. Bei ya ngano na ya mafuta ya kula ikapanda duniani, na nchi yetu, ambayo huagiza sehemu kubwa ya ngano na mafuta yake kutoka nje, ikaguswa. Mama lishe wa hapa, ambaye hajawahi kumwona Mrusi wala Myukreni, akalazimika kupunguza ukubwa wa andazi. Bei ya kikaango chake ilipangwa na mizinga iliyokuwa ikilia karibu na Bahari Nyeusi. Lakini mlenda haukuwa na habari kwamba kuna vita. Uliendelea kuota.

Na hapa nataka tukae kidogo, maana tumefika kwenye utajiri wetu. Mkoa huu una mboga ambazo mgeni akizionja huuliza jina. Upo mgagani, wenye uchungu wake wa kupendeza, ambao bibi zetu huuchemsha, wakamwaga maji ya kwanza, kisha wakauunga kwa maziwa au karanga. Upo mlenda, unaoteremka na ugali bila kuulizwa nauli. Kipo kisamvu, kinachotwangwa na kuchemshwa vizuri hadi kiive, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu ambayo huisha kwa kutwangwa na kupikwa. Yapo matembele, mnavu, na majani ya maboga ambayo ni lazima kwanza uyamenye nyuzi zake. Mvua za kwanza zikishanyesha, huja uyoga kutoka misitu ya miombo, na wauzaji hukaa pembeni mwa njia na mabeseni yao. Ukiuona uyoga huo kwa mtu unayemwamini, usiupite. Usiyemfahamu, mpite, maana uyoga wa sumu hauna mdomo wa kujitambulisha.

Bibi zetu pia walijua kwamba mvua zetu huanza mwezi Novemba hivi na kukoma Aprili au Mei, na kwamba miezi ya kiangazi ni mirefu. Kwa hiyo mgagani uliozidi waliuchemsha, wakaukausha, wakapata nsansa. Viazi vitamu walivikata vibichi, wakavianika, wakapata michembe. Na vilivyochemshwa kwanza kisha vikaanikwa vikawa matobolwa. Michembe ya kuchemsha pamoja na karanga, asubuhi, na chai ya moto! Nani ametuambia kwamba kifungua kinywa ni mkate mweupe peke yake? Na ile karanga waliyoitia katika mboga haikuwa kwa ajili ya utamu tu. Wataalamu wa lishe wanatueleza leo kwamba mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika mboga za majani. Bibi hakulijua jina la vitamini, lakini chungu chake kilijua.

Tukitaja karanga, siwezi kuipita Urambo, jirani yetu wa magharibi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ikatangaza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, kazi ikaanza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Yakaja matrekta, vikaja hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kongwa mvua ilikuwa haba, udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na mashine zikavunjika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara iliyofutwa ilikuwa karibu pauni milioni 36. Wakati huo wote, karanga zilikuwa zikilimwa Unyamwezi kwa jembe la mkono, kama zilivyolimwa kabla mabwana wale hawajaja na kama zinavyolimwa leo. Waliokuwa na mashine hawakuwauliza waliokuwa na majembe. Urambo ikageukia tumbaku, na hadi leo mkoa wetu unaongoza nchini kwa zao hilo. Tumbaku huleta fedha, sikatai. Lakini tumbaku hailiwi, na kuni za kuikausha hutoka katika misitu ile ile inayotupa asali na uyoga.

Sasa nizungumzie raha, maana wengine wakisikia kilimo husikia jasho tu. Mimi kazi yangu ni habari, na wewe unayenisikiliza unajua kwamba habari nyingi si njema. Kutwa nzima nashughulika na ajali, mafuriko na watu waliogombana. Jioni ninaporudi nyumbani Isevya, nyuma ya nyumba yangu kuna matuta manne. Nikishika kopo la maji, nikasikia ile harufu ya udongo mkavu ulioguswa na maji, naona dunia haijaharibika yote. Mche wa mnavu haunigombezi. Haunidai. Leo una majani manne, keshokutwa sita. Na siku ya kuchuma, unasimama na ungo wako, unachagua jani hili na kuliacha lile likue, hakuna anayekuambia fanya haraka. Anayebisha aniambie ni duka gani mjini ambako mteja hupewa heshima hiyo.

Raha ya pili ni ya kununua kwa mtu unayemfahamu. Hapa mtaani kwetu hupita mama mmoja wa makamo, beseni kichwani. Ukitoka mlangoni, huanza kwa salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwangaluka. Mgonjwa wenu anaendeleaje?"

"Hajambo sasa, mama. Leo umetuletea nini?"

"Mgagani upo, nimeuchuma kabla ya swala ya alfajiri. Ule mlenda usiuchukue leo, haukupata maji vizuri. Kesho nitakuletea mzuri."

Ndugu msikilizaji, muuzaji anayekukataza kununua mali yake utampata wapi tena? Ukishalipa, anachota konzi moja anaongeza juu ya fungu lako. Hiyo ndiyo nyongeza, na kipimo chake ni moyo. Ukipungukiwa, anasema, "Utanipa kesho." Naye hafanyi hivyo kwa sababu hana shida. Ana watoto wanaodaiwa madaftari, na madaftari hayo atayanunua kwenye duka la mtaa huu huu, na mwenye duka huyo atakunywa chai kwa mama lishe wa mtaa huu huu. Shilingi yako imezunguka mtaa mzima kabla haijapanda basi.

Basi kama raha zote hizi zipo, kwa nini mboga hizi zinapungua mezani kwetu? Jibu langu ni kwamba kuna aibu. Mgeni akija, mwenye nyumba hutoka mbio kutafuta nyama na soda, mlenda unafunikwa uani. Mtoto akifungua chakula chake shuleni akakutwa na matobolwa, wenzake humcheka. Tumewafundisha watoto kwamba maendeleo ni kula kilichofungwa katika karatasi yenye picha. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa kupita ukiondoka, na mbacha tumeutupa, tutakalia nini?

Haikuwa hivi siku zote. Katika miaka ya 1974 na 1975, nchi ilipokumbwa na ukame na upungufu wa chakula, Serikali ilitangaza kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mijini nao wakashika majembe. Katika miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa haufiki hata katikati ya mwezi, familia nyingi za wafanyakazi ziliishi kwa bustani, kuku na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwaka 1992 Serikali ikatunga kanuni za kilimo cha mijini, kukiwekea utaratibu. Halmashauri nazo zimekuwa na sheria zake ndogo, hasa za kukataza mazao marefu kama mahindi katikati ya makazi. Mchicha na matembele havimfichi mwizi, wala havimnyimi jirani hewa.

Lakini leo tazama viwanja vyetu. Mtu anajenga kutoka mpaka hadi mpaka. Pakibaki nafasi ya hatua tano, anaimwagia saruji au anaitandika pevingi, halafu anasema nyumba sasa imekamilika. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kuzama, yanakwenda kwa jirani. Mtoto anakulia katika nyumba hiyo hadi anamaliza shule bila kuona mbegu ikiota. Hebu acheni hatua mbili za udongo, ndugu zangu. Hatua mbili tu.

Najua hoja zitakazokuja. Ya kwanza ni maji. Ni kweli, mji wetu umeteseka kwa maji miaka mingi, na ingawa mradi wa maji ya Ziwa Victoria ulizinduliwa mkoani kwetu mwaka 2021, ankara ya mwezi bado ni ankara. Lakini maji uliyooshea mchele au mboga yanamwagwa wapi? Yapeleke kwenye tuta. Yasiwe yale yenye sabuni nyingi, na kamwe yasiwe ya mtaro wa maji machafu, kwani utajivunia mchicha na kipindupindu pamoja. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni, funika udongo kwa majani makavu, na kinga maji ya mvua kwa pipa msimu ukifika.

Hoja ya pili ni ya mpangaji: "Mimi nina chumba kimoja, uani ni pa watu wote." Chukua gunia, lijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, toboa matundu ubavuni, panda matembele. Marando yake utapewa bure na mtu yeyote mwenye shamba. Ukihama, unahama na bustani yako. Hoja ya tatu ni muda. Mchicha hauhitaji likizo. Mbegu zake ni ndogo sana, zichanganye na mchanga ili zisimwagike mahali pamoja, zisie kwenye tuta lenye mbolea, na baada ya majuma matatu au manne utakuwa unachuma. Dakika 15 kwa siku zinatosha, na wengi wetu tunapoteza nyingi zaidi ya hizo tukitazama simu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kuku wa jirani ndiyo hoja ya nne, na hiyo nakubali ni nzito. Zungushia miiba, kisha kaongee na jirani kwa upole. Vita vya kuku na mchicha visipotulizwa mapema, hufika kwa balozi.

Hata fedha si haba. Tuseme nyumba yako hununua mboga ya shilingi 1,000 kila siku. Kwa mwezi ni shilingi 30,000, kwa mwaka ni shilingi 365,000. Bustani ikikupa nusu tu ya mboga hiyo, umebakiza zaidi ya shilingi 180,000. Hiyo si hela ya kujenga ghorofa, lakini inanunua sare za shule na viatu.

Wakulima na wauzaji wetu nao nina neno kwao, maana uaminifu una pande mbili. Dawa ya kuua wadudu wa tumbaku isipulizwe kwenye mboga. Na hata dawa iliyoruhusiwa kwa mboga ina siku zake za kungoja kabla ya kuchuma, zimeandikwa kwenye chupa. Mteja anayekuita mama au mjomba amekukabidhi tumbo la mtoto wake. Nasi wateja tujifunze kuuliza bila ukali: mboga hii imelimwa wapi, kwa maji gani?

Nimalizie kwa lile nililosema mwanzo, kwamba kuna kitu hatutakipata tena. Kitu hicho ni mbegu. Mbegu ya mgagani wa bibi huwa haiuzwi kwenye pakiti madukani kama ya kabichi. Iko katika kibuyu au kitambaa kilichofungwa fundo, juu ya dari la jikoni. Bibi huyo akifariki, watoto husafisha jiko, kibuyu kikatupwa. Hakuna tangazo la kifo cha mbegu. Sisi watangazaji hatulisomi kwa sababu hakuna anayetuletea. Kituo cha Mboga Duniani, chenye makao yake makuu Taiwan, kimekuwa na tawi lake Arusha tangu mwaka 1992, na huko wataalamu wanahifadhi mbegu za mboga za Afrika, mgagani, mnavu na mchicha zikiwemo. Ni kazi njema na tunawashukuru. Lakini mbegu iliyoko ghalani inamngoja mlaji. Wataalamu wanaweza kutuhifadhia punje. Namna ya kuuondoa uchungu, kiasi cha maziwa, siku za kuanika nsansa, hayo yamo katika vichwa vya akina mama wazee wa mitaa yetu, ya Isevya, Ng'ambo, Chemchem na Gongoni, nao hawatakaa nasi milele.

Kwa hiyo naomba jambo moja jepesi wiki hii. Kabla ya Jumapili, nenda kwa mama au bibi mmoja mzee unayemfahamu. Mpe shikamoo, kaa chini, mwombe konzi ya mbegu na akueleze namna ya kuipika mboga yake. Nenda na mtoto wako, asikilize. Kisha sia mbegu hizo, hata kama ni ndani ya ndoo iliyotoboka. Zikiota, zile ulizoombea zigawe kwa jirani wa kulia na wa kushoto. Na siku mgeni atakapokuja kwako, mwandalie mgagani wa karanga, uweke mezani mbele yake, bila kuomba radhi.

Mpenzi msikilizaji, muda wangu umekwisha, na matuta yangu yananingoja. Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Kwaheri.